Kidokezo Kinasema: Ile ya Kawaida

iPhone ina makufuli mawili, na wengi wetu tunalijua moja tu. La kwanza ni la mlangoni: zile tarakimu unazobonyeza simu ikiwaka. La pili liko ndani, kwenye programu ya Notes. Apple walilitia Machi 2016, mtu apate kufunga andiko moja moja kwa neno la siri lililo mbali na tarakimu hizo, na maneno hayo mawili hayajuani kabisa. Mwanao anaweza kuzijua tarakimu za simu yako, akacheza gemu mchana kutwa, na andiko hilo asilione. Ndiyo raha yake. Na wewe mwenyewe ukilisahau neno hilo, huna tofauti na mwanao.

Kuanzia iOS 16, toleo la mfumo wa iPhone la mwaka 2022, mtu anaweza kuchagua tarakimu zile zile za simu zifungue na Notes. Lakini simu zilizoishia iOS 15 hazina hiari hiyo, na andiko lililofungwa kwa neno lake la zamani linabaki na neno hilo mpaka mwenyewe alifungue. Kisa hiki ni cha simu ya namna hiyo, iPhone 7, iliyoko Wete, Pemba, mikononi mwa shangazi yangu.

Shangazi anakaa Jadida, na ni kijumbe, yaani msimamizi, wa mchezo wa kinamama wa kuchangishana pesa tangu mimi niko skuli. Kila Ijumaa baada ya laasiri wanachama wanatoa shilingi 20,000 kila mmoja, na mmoja wao anapokea. Wako thelathini na kitu. Kwenye karatasi ni hesabu ya mtoto wa darasa la tatu, ila watu hawakai kwenye karatasi. Mmoja ana majina mawili. Wawili wamegawana jina moja nusu kwa nusu, na mmojawapo hataki mumewe ajue. Mwengine kamuuzia jirani zamu yake kwa sababu mtoto kalazwa. Yuko anayetoa wiki mbili mbili msimu wa karafuu, pesa za kuchambua zikiwa bado zimo mkononi, halafu masika yakiingia anapumzika na hakuna anayemuuliza, maana alikwishasema na kijumbe. Yote hayo lazima yaandikwe pahala.

Zamani yaliandikwa kwenye daftari, lile kubwa la gamba gumu. Daftari hilo lilimponza kwenye harusi moja. Aliliacha juu ya mkeka akaenda kusaidia jikoni, mtu akalifunua, akasoma nani hajatoa wiki ngapi, na kabla biriani halijapakuliwa habari zilikuwa zimeshafika Limbani. Mwenye jina lake alijitoa kwenye mchezo, na salamu baina yao zikakatika. Ndipo binamu yangu, binti wa shangazi, alipomfundisha mamake kutumia Notes na kufuli lake. Wapo waliosema baadaye kwamba angebaki na daftari tu. Hao hawakuwapo kwenye harusi ile. Mimi naona alichagua vizuri.

Simu yenyewe ilitoka Maskati, imekuja na shemeji. Siku ya kufunga lile andiko la kwanza, shangazi alichapa neno la siri, akalichapa tena kulithibitisha, akaandika na kidokezo kama simu ilivyomtaka. Kisha binamu akawasha alama ya kidole. Tokea hapo ikawa ni kuweka dole gumba tu, andiko linafunguka. Kama unataka mtu asahau neno, usimkataze kulisema. Mwambie tu kwamba hana haja nalo.

Halafu simu ikadondoka kwenye baraza la saruji, kioo kikapasuka. Fundi wa mjini akabadilisha kioo, na katika kukinyanyua kile cha zamani, utepe wa waya unaokwenda kwenye batani ya chini ukakatika. Simu za aina ile zikigundua batani imekufa huonesha kiduara juu ya kioo kifanye kazi badala yake, kwa hiyo shangazi aliondoka dukani akiwa radhi kabisa. Simu inapiga, WhatsApp inafunguka, picha za wajukuu zimo. Kilichokufa ni kidole. Batani ya iPhone inayosoma kidole imeoanishwa na ubao wa simu yake tangu kiwandani. Fundi wa mtaani akitia nyengine, hata iwe mpya, kidole haitasoma, na imefanywa hivyo kwa makusudi, ili mtu asije akapachika batani ya bandia ikaidanganya simu. Fundi simlaumu, utepe ule hukatika hata mikononi mwa wazoefu.

Alhamisi usiku, kesho yake ndiyo siku ya mchezo, akanipigia. Mimi nakaa Unguja na nafanya kazi za kompyuta, kwa hiyo kwa ukoo mzima mimi ndiye wa kuulizwa kila kitu chenye chaji.

"Mwanangu, hii Notes yantaka paswedi."

"Itie, shangazi."

"Ipi?"

Alinitumia picha ya kioo. Hapo nikaliona jambo ambalo watu wengi hawalijui mpaka likawakuta: andiko lililofungwa halifichi kichwa chake. Mstari wa kwanza unabaki kwenye orodha, na alama ya kufuli ubavuni. Kwa hiyo tulikuwa tunaviona vyote, vimepangana: "Waliopokea". "Zamu zilouzwa". "Wanaodaiwa". "Amana". Na chini kabisa, "Usisahau", nayo imefungwa.

Ukikosea mara kadhaa simu inakuonea huruma, inakuletea kile kidokezo ulichokiandika mwenyewe. Cha shangazi kilisema: "ile ya kawaida".

"Ya kawaida ndiyo ipi?"

"Ile nnayotumia siku zote."

"Nayo ni ipi, shangazi?"

Akanyamaza kidogo. "Siku zote natumia kidole."

Binamu yangu usiku ule ule akaingia kwenye mipangilio akaona pameandikwa kubadilisha neno la siri la Notes. Wakashangilia. Simu ikawauliza neno la akaunti ya Apple, wakatia, ikawapa nafasi ya kuchagua neno jipya, wakachagua. Wakarudi kwenye "Waliopokea", wakatia neno jipya, ikakataa. Mtego huu unanasa watu dunia nzima. Kubadilisha kule ni kwa maandishi utakayoyafunga kuanzia leo. Ya jana yanabaki na neno la jana, na simu inakuambia hivyo kabla hujabonyeza, kwa maandishi ambayo mtu mwenye haraka hayasomi. Sasa shangazi akawa na kufuli jipya linalofunguka na ndani yake hamna kitu, na la zamani lenye kila kitu.

Aliniuliza kwa nini hao Apple wasimfungulie, hali simu ni yake, jina ni lake, na risiti ipo. Swali la haki. Jibu lake ni kwamba Apple wenyewe wamesema kwenye miongozo yao kuwa hawawezi, na katika hili sioni kwamba wanamzungusha mtu. Neno lako la siri hawalihifadhi. Unapolichapa, simu inalichukua na kulisaga mara nyingi sana kwa hesabu maalumu mpaka unapatikana ufunguo, na ufunguo huo ndio unaolifunga na kulifungua andiko. Ni kama nazi: ikishakunwa, hakuna anayeirudisha kwenye kifuu. Ukitia neno sahihi, usagaji ule ule utatoa ufunguo ule ule. Ukitia lenye herufi moja iliyopotoka, utapata ufunguo mwengine kabisa. Kujaribu funguo zenyewe moja moja haiwezekani, maana idadi yake ni tarakimu 39. Kinachowezekana ni kubahatisha neno, kwa kuwa maneno ya binadamu ni machache na tunapenda yale yale: majina ya watoto, mwaka wa kuzaliwa, namba ya simu. Wapo wataalamu wa uchunguzi wenye programu za kufanya hivyo, lakini nao wanabahatisha. Na hakuna mbahatishaji bora kuliko aliyelitunga.

Nakala za WhatsApp zilizofungwa kwa neno la siri, tangu zilipoanza mwaka 2021, zina tabia hiyo hiyo. Ukilipoteza neno, wenye WhatsApp hawana pa kukusaidia.

Hapa niseme na wale wanaokwenda kwa mafundi. Kijana mmoja alimwambia shangazi kwamba "ataiflashi" na kila kitu kitafunguka, alete na neno la akaunti yake. Kuiflashi ni kuifuta. Kama maandishi yako yamo iCloud, ile hifadhi ya Apple ya mtandaoni, yatarudi yakiwa yamefungwa vile vile. Kama yalikuwa kwenye simu peke yake, ndiyo kwaheri. Na neno la akaunti yako ukishalitoa dukani, umetoa picha na mawasiliano yako yote. Njia ya maana ni moja: kama una kifaa chengine kwenye akaunti ile ile, simu ya pili au kompyuta ambayo bado inalifungua andiko kwa kidole au uso, lifungue huko na uliondoe kufuli pale pale, kabla hujagusa kitu chengine. Shangazi hakuwa nacho.

Tukabaki na kubahatisha. Majina ya watoto kwa herufi kubwa na ndogo, mwaka wa Hijja, namba ya gari la marehemu ami. Hakuna.

Asubuhi ya Ijumaa shangazi alifanya jambo ambalo mimi nisingelithubutu. Aliingia kwenye kundi la WhatsApp la mchezo, akarekodi sauti, bila ya kuzunguka: "Assalaamu alaykum kinamama. Simu imenifungia hesabu zote na mimi neno nshalisahau. Leo hakutolewi wala hakupokelewi. Ijumaa ijayo kila mtu aje kwangu na alichonacho." Akaizima data akaenda kuanika nguo.

Nilikata tiketi ya boti. Ijumaa ile nilikuwapo uani, Jadida, majamvi yametandikwa na chai ya tangawizi imo birikani. Niliogopa fujo. Mchezo ukipoteza hesabu, kila aliyepokea ana sababu ya kunyamaza, na kila ambaye hajapokea ana sababu ya kupiga kelele.

Fujo ilikuwapo, lakini si niliyoifikiria. Wanaotoa kwa simu walikuwa na ujumbe wa kila muamala, na tarehe yake na saa yake. Tukazipanga. Wanaotoa taslimu walikuwa na midomo yao tu, na hao ndio wengi. Kwenye kundi la WhatsApp tukapata sauti za shangazi za wiki fulani fulani, "zamu ya leo kachukua fulani, Mungu ampe kheri nazo", na picha ya kabati la vyombo ambayo mwenyewe alijisifu nayo kwamba ni ya pesa za mchezo. Picha ikawa ushahidi. Mwenye kabati alikuwa ameshaanza kusema hajapokea.

Hata hivyo palibaki mapengo, hasa zile zamu zilizouzwa. Hapo bibi mmoja wa Utaani, aliyekuwa kimya muda wote, akafungua mkoba, akatoa mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kitambaa, na ndani ya kitambaa kijitabu kidogo kilichojikunja pembe. Akakifungua kutoka upande wa kulia. Kilikuwa cha Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya wino wa buluu, mistari imebanana mpaka ukingoni. Bibi huyu skuli hakuipata. Alisoma chuo cha Qur'ani, akahitimu, na tangu hapo akawa anaandika anachokiona. Kila Ijumaa ya mchezo alikuwa ameiandika: nani kapokea, nani kampokelea nani, na hata mvua ilinyesha au la.

Akasoma, kidole kikienda taratibu chini ya mstari. Binamu akajaribu kumsaidia, akashindwa. Anazijua herufi zote, Qur'ani anaisoma vizuri, lakini bibi hakuwa ametia irabu, na herufi yake ya b alikuwa anaitumia na kwa p pia, kwa hiyo neno moja lilisomeka namna tatu. "Hapo ni pesa, mjukuu wangu, si bisa," akamrekebisha, na ua zima likacheka. Mstari ukisomwa, mwenye habari zake anaitikia au anabisha. Wawili waliogombania wiki moja wakasomewa, mmoja akasema, "Eh, kweli, nilimuachia kwa ajili ya arubaini ya mamake," na ikaisha. Kufika magharibi tulikuwa na orodha ambayo kila mtu ameisikia. Haikukosekana shilingi ila 40,000 ambazo hazikupata mwenyewe, na hizo shangazi alizibeba.

Masheikh wetu wanapenda kuikumbusha aya ya deni, ya 282 katika Suratul-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Tunachokishika sana ni lile neno la mwanzo, kwamba tukikopeshana tuandikiane. Aya haikuishia hapo. Inataka mwandishi aandike kwa uadilifu, inataka mwenye kudaiwa ndiye atamke kinachoandikwa, na inataka mashahidi. Ni kazi ya watu kadhaa waliokaa pamoja. Shangazi alikuwa ameandika, na kwa uaminifu, lakini aliandika peke yake, chumbani, kwa dole gumba. Bibi wa Utaani naye aliandika peke yake. Siku ya uani ndipo kitabu chake kilipopata mashahidi, na ndipo kilipofaa kitu.

Kwa hiyo ugomvi wangu hauko na kufuli. Uko na kuweka mambo mawili chini ya kufuli moja. Nani kapokea na nani bado ni hesabu ya watu thelathini, na kijumbe kaishikilia tu. Nani kachelewa na kwa nini, hilo ni jambo lenye sitara, na baada ya yale ya harusini sina hoja ya kulipinga.

Halafu kuna lile andiko la "Amana". Hilo uani halikutajwa, hata na wanaolijua. Kinamama wanamuachia shangazi vitu: pesa za ada, bangili, mkufu wa mtu anayeogopa utauzwa. Yeye anaandika cha nani, kiasi gani, tangu lini, na nani asiambiwe. Hapo hakuna mashahidi wala pesa iliyopita kwenye simu. Wiki ile nzima walikuja mmoja mmoja baada ya isha, mlango wa nyuma, wakakaa naye chumbani. Vitu vyenyewe vilikuwapo kashani, hakikupotea kitu. Kilichokuwa kimepotea ni kujua kipi cha nani. Vingi alivikumbuka mwenyewe. Kuna bangili mbili zinazofanana sana, na kuna wanawake wawili. Hilo limekwishaje hakuniambia, na sikumuuliza.

Niliyomuuliza ni kama angekufa. Akanijibu kwa hadithi anayoijua kila mtu pale kwetu, kwamba si haki kwa Muislamu mwenye jambo la kuusia kulala nyusiku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. "Na nilikuwa nimeandika," akasema. Kweli alikuwa ameandika. Binti yake angeikuta dhahabu ya watu kashani, na simu mkononi inayomwambia "Amana" na kumkatalia.

Sasa hivi wamepanga hivi. Waliopokea wanasomwa kwa sauti kila Ijumaa kabla ya kutoa, na binamu anaandika kwenye daftari ambalo hakuna ubaya likifunuliwa. Wanaodaiwa wanajulikana na kijumbe na wanawake wawili waliochaguliwa kuwa naye, na kuwapata hao wawili kulileta maneno kuliko hesabu zote. Amana bado ziko kwenye simu, zimefungwa, ila neno jipya limeandikwa kwenye karatasi, karatasi imo kwenye bahasha iliyobandikwa, na binamu anajua ilipo bila ya kujua kilichomo. Bibi wa Utaani ameombwa aendelee na kijitabu chake. Akasema hakuwahi kufikiria kuacha.

Yale maandishi ya zamani shangazi hajayafuta. Kinamama wa mchezo wameligeuza jambo lile kuwa fumbo lao, na kila Ijumaa yupo anayekuja na neno jipya la kujaribu: jina la jahazi la babu, jina la mwalimu wa chuoni, kungwi, paka. Mara ya mwisho nilipokuwapo, rafiki yake wa utotoni alimsogelea akamnong'oneza jina la kijana wa Konde aliyewahi kuja kumposa kabla ya ami. Shangazi akamchapa na upande wa kanga, akaichukua simu, akaingia nayo ndani na kufunga mlango. Alipotoka tukamuuliza limefungua au halikufungua. Akasema chai inapoa.